Kiwiko Kilichoganda na Madai ya VA: Maswali ya Wasomaji

Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilifungua mpango wa MAVNI kwa wahamiaji wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wasomaji wetu walioingia jeshini kwa mlango huo, na wengine walioingia kwa milango mingine, sasa ni wastaafu, na maswali yao kuhusu fidia ya ulemavu inayolipwa na VA, idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia wastaafu wa jeshi, yanazidi. Safari hii tumechagua yale yanayohusu kiwiko kilichoganda, yaani kiungo ambacho mfupa umeshikana na mfupa kikawa hakikunji wala hakinyooki. Madaktari hukiita ankilosisi.

Nilivunjika kiwiko cha kulia mazoezini, nikapasuliwa mara mbili, sasa hakisogei kabisa. Barua ya daktari wangu inasema kimesimama kwenye nyuzi 140. VA wamenipa asilimia 50. Mwenzangu ambaye mkono wake ni kama wangu kapewa 60. Tofauti inatoka wapi? (Msomaji, Minnesota)

Ndugu yetu, tazama kwanza nyuzi hizo zimehesabiwa kuanzia wapi. Kanuni za VA huanza kuhesabu mkono ukiwa umenyooka: hapo ni sifuri. Mkono mzima ukikunjwa mpaka mwisho hufika 145. Lakini wapo madaktari wa mifupa wanaohesabu pembe ya ndani, ile iliyo kati ya mfupa wa juu na wa chini, na kwao mkono ulionyooka ni 180. Ikiwa daktari wako ni wa hesabu hiyo, 140 yake ni 40 ya VA.

Sasa linganisha na kanuni yenyewe, msimbo 5205. Kiwiko kilichoganda chini ya nyuzi 50, au ambacho mkono wake hauwezi tena kugeuza kiganja juu au chini, hupewa asilimia 60 kwa mkono unaoutegemea na 50 kwa ule mwingine. Kilichoganda kati ya 50 na 70, au zaidi ya 90, hupewa 50 na 40. Kilichoganda kati ya 70 na 90, mkao ambao walau unakuachia kazi fulani za mezani, hupewa 40 na 30. Aliyesoma faili lako akakuta 140 alikuweka kwenye "zaidi ya 90", ukapata 50. Kumbe mkono wako ni wa 40, chini ya 50, na haki yake ni 60.

Namba ni ileile, lakini inaeleza mikono miwili isiyofanana hata kidogo. Mkono wa 140 kwa hesabu ya VA umekunjika hadi vidole vinakaribia bega. Wako umekaribia kunyooka, na tonge halifiki mdomoni hata ukiinamisha kichwa. Kosa la namna hii halionekani kwa mtu anayesoma karatasi bila kuuona mkono, ndiyo maana tunalirudia kwenye safu hii kila tunapopata nafasi.

Mwombe daktari aandike upya, kwa sentensi isiyo na njia mbili: "Kiwiko cha kulia kimeganda kwenye mkunjo wa nyuzi 40, sifuri ikiwa ni mkono ulionyooka." Aongeze tarehe ya eksirei inayoonyesha mifupa imeshikana, na aseme kiganja kinageuka nyuzi ngapi juu na ngapi chini. Kawaida ni 85 kugeuza kiganja juu na 80 kukigeuza chini. Barua hiyo ipeleke pamoja na fomu 20-0995, ambayo ni ya dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Hakikisha inafika ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, ili ukishinda ulipwe tangu tarehe ya dai lako la kwanza. Ukipita mwaka bado unaweza kudai, ila malipo ya nyuma yatahesabiwa tangu dai jipya.

Ikiwa maelezo sahihi yalikuwa tayari kwenye faili na aliyeamua hakuyaona, fomu ya kutumia ni 20-0996, inayompelekea mwamuzi wa ngazi ya juu. Huyo haruhusiwi kupokea ushahidi mpya, kwa hiyo usimpelekee barua mpya ukadhani ataisoma.

Unaweza kujipima nyumbani ili ujue unasimama wapi. Nunua goniomita ya plastiki, ile rula yenye mikono miwili. Kitovu chake kiweke juu ya nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kiwiko. Mkono mmoja wa goniomita uelekeze kwenye ncha ya bega, mwingine kwenye mfupa wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Mtu mwingine ndiye asome. Ukijipima mwenyewe kwa mkono wa pili, kitovu kinateleza na namba inaruka.

Kiwiko changu hakijashikana kabisa. Kinatoka nyuzi 60 hadi 70, basi. Niandike kwamba kimeganda? (Msomaji, Texas)

Usiandike hivyo. Msimbo 5205 ni wa kiungo kisichosogea. Mpimaji akikuta nyuzi kumi za mwendo ilhali wewe umeandika "hakisogei", kila kitu kingine ulichosema kitatiliwa shaka, hata kile cha kweli.

Kiwiko chenye mwendo hupimwa kwa misimbo mingine. Wa 5206 huangalia kinakunjika mpaka wapi: kikiishia 100 ni asilimia 10, kikiishia 90 ni 20, kikiishia 70 ni 30 kwa mkono unaoutegemea na 20 kwa mwingine, kikiishia 55 ni 40 na 30, kikiishia 45 ni 50 na 40. Wa 5207 huangalia kimeshindwa kunyooka kuanzia wapi: kikikwama 45 au 60 ni asilimia 10, 75 ni 20, 90 ni 30 na 20, 100 ni 40 na 30, 110 ni 50 na 40. Kugeuza kiganja kuna msimbo wake, 5213. Miendo hii inaweza kupewa kila mmoja asilimia yake, kwa sababu kushindwa kukunja na kushindwa kunyoosha ni hasara mbili tofauti.

Kwa namba zako, kama ni mkono unaoutegemea, kukunja kunakoishia 70 ni asilimia 30, na kunyoosha kunakokwama 60 ni 10. Zikiunganishwa kwa jedwali la VA zinakuwa 37, na hiyo hupandishwa kuwa 40. Kiwiko kilichoganda kabisa mahali hapohapo kingepata 50. Tunajua inauma kuona nyuzi kumi zisizofaa kwa lolote zikikupunguzia, lakini hapo ndipo ushahidi wa siku mbaya unapokuwa na kazi. Mahakama ya Rufaa ya madai ya wastaafu wa jeshi ilishaamua, katika kesi ya DeLuca ya 1995, kwamba maumivu, udhaifu na uchovu wa kiungo kinapotumika mara kwa mara lazima vihesabiwe. Kesi ya Sharp ya 2017 ikaongeza kwamba mpimaji hawezi kukwepa kukadiria mwendo unaopotea maumivu yanapopanda, eti kwa sababu tu siku ya uchunguzi hayakuwepo. Kwa hiyo sema: mara ngapi kwa mwezi kiwiko hukataa kabisa, kwa siku ngapi, huchochewa na nini, na siku hizo kinabaki nyuzi ngapi. Ukisema "wakati mwingine kinanisumbua sana", hakuna namba ya kuandika.

Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, na huo ndio ulioumia. VA wameandika kwamba ninategemea wa kulia. Nifanyeje? (Msomaji, Maryland)

Huenda uliulizwa unakula kwa mkono gani, ukajibu kweli: wa kulia. Watoto wetu wengi wa shoto hufundishwa hivyo tangu wadogo, mkono wa kushoto hauingii sahanini. Mpimaji asiyejua malezi yetu anaandika "kulia" na kwenda swali linalofuata. Wewe unapoteza asilimia 10 kwa sababu ya adabu ya mezani.

Kanuni ya 4.69 inasema mkono mmoja tu ndio utakaohesabiwa kuwa wa kutegemewa, na kwamba mtu atumiaye yote miwili, mkono ulioumia, au ulioumia zaidi, ndio uhesabiwe hivyo. Kwa hiyo eleza yote: "Naandika, natupa, napiga nyundo na nalenga bunduki kwa kushoto; nakula kwa kulia kwa sababu ya malezi." Tafuta karatasi za uchunguzi wa afya wa siku ulipoingia jeshini, mara nyingi zinataja mkono unaoutumia, uziambatishe. Kati ya makosa yote tunayoyaeleza hapa, hili ndilo rahisi kulirekebisha.

Mume wangu kila akiulizwa na daktari anasema "niko sawa". Nyumbani namfunga vifungo vya shati. Uchunguzi wake wa VA ni mwezi ujao. Naweza kusaidia vipi? (Mama wa wawili, Ohio)

Dada, unaweza kusaidia sana. Jaza fomu 21-10210, ambayo ni ya ushahidi wa mtu anayemjua mgonjwa. Huhitaji maneno ya kidaktari. Andika unayoyaona kwa macho yako: hafikishi kijiko mdomoni, anaoga kwa mkono mmoja, hawezi kujinyoa shavu la upande ule, usiku analala kwenye kiti kwa sababu mkono hauna pa kukaa. Taja tangu lini na mara ngapi kwa juma. Usiandike "anateseka sana". Andika kwamba kila asubuhi saa kumi na mbili unamvalisha shati, kifungo cha shingoni kikiwa cha mwisho kwa sababu mkono wake wa kulia haufiki pale.

Ukurasa mmoja unatosha. Kazi nyingi za kila siku zinahitaji kiwiko kinachotoka nyuzi 30 hadi 130, kwa hiyo ukieleza kazi zilizomshinda, mpimaji mwenyewe ataona ni sehemu gani ya mwendo iliyokosekana.

Siku ya uchunguzi avae shati la mikono mifupi au lenye mikono mipana. Mpimaji anatakiwa kupima kwa goniomita, si kwa jicho. Anatakiwa kupima mgonjwa akisogeza mwenyewe na pia mpimaji akimsogeza, mkono ukiwa na uzito na ukiwa hauna, na kiwiko cha pili kama ni kizima ili kulinganisha. Hayo yametoka kwenye kesi ya Correia ya 2016. Kiwiko kilichoganda kweli hakina mwendo wa kupima, lakini nyuzi kilipogandia lazima ziandikwe, na kugeuka kwa kiganja lazima kupimwe. Mumeo asilazimishe mwendo kwa kujikaza kiaskari. Maumivu yakianza aseme "hapa" papo hapo, kwa sauti. Kama amekunywa dawa ya maumivu asubuhi hiyo, aitaje kwa jina na saa aliyoinywa.

Asikose kwenda. Asiyefika bila sababu nzuri, dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo tu, na dai la kuongezewa asilimia hukataliwa. Akiwa na udhuru, apige simu mapema aombe siku nyingine. Baadaye mwombee nakala ya ripoti kwa fomu 20-10206, muisome pamoja: mkono gani umetajwa, nyuzi ngapi, kiganja kimepimwa au sehemu hiyo imeachwa tupu.

Zaidi ya kiwiko, vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi na kovu linauma. Na kifundo cha mkono nacho hakisogei. Haya yote yamo ndani ya asilimia za kiwiko? (Msomaji, Washington)

Hapana, na hapa watu wengi huacha haki yao mezani. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni dalili ya mshipa wa fahamu wa ulna, unaopita nyuma ya kiwiko palepale tunapogonga tukasikia kama umeme. Mfupa ukivunjika pale, au mfupa wa ziada ukiota ndani ya misuli kama inavyotokea baada ya mlipuko, kuungua au jeraha la kichwa, mshipa hubanwa. Una msimbo wake, 8516: kwa mkono unaotegemewa ni asilimia 10 ukiwa umeathirika kidogo, 30 kwa wastani, 40 kwa ukali, 60 ukiwa umekufa kabisa. Omba kipimo cha umeme cha mishipa, na daktari aandike kwamba umetokana na kiwiko. Kovu moja au mawili yanayouma ni asilimia 10 kwa msimbo 7804.

Kisichoruhusiwa ni kulipwa mara mbili kwa hasara ileile. Kwa mfano, kama umepewa 60 kwa kiwiko kwa sababu kiganja hakigeuki, huwezi kudai kiganja kisichogeuka tena kwa 5213.

Asilimia haziongezwi kama mahindi kwenye debe. Chukua mkono unaotegemewa wenye 50 ya kiwiko, 30 ya mshipa na 10 ya kovu. Baada ya 50 umebaki na 50. Asilimia 30 ya hiyo ni 15, jumla 65. Imebaki 35, asilimia 10 yake ni 3.5, jumla 69 kwa jedwali, na hiyo hupandishwa kuwa 70. Ipo pia dari: ulemavu wa mkono mmoja kwa pamoja haupiti kile ambacho ungepewa kama mkono ungekatwa mahali pale. Kwa kiwiko, dari ni 80 kwa mkono unaotegemewa na 70 kwa mwingine.

Sasa kifundo chako. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono huhesabiwa kuwa viungo vikubwa. Kanuni 4.63 inasema viungo vikubwa viwili vya mkono mmoja vikiganda kabisa, huo ni sawa na kupoteza matumizi ya kiganja. Hapo unastahili malipo ya ziada ya kila mwezi yaitwayo SMC daraja la K, yanayolipwa juu ya asilimia zako. VA inapaswa kuliona hilo yenyewe hata usipoomba. Sisi tunakushauri uliandike kwa maneno yako kwenye dai, kwa sababu faili nene husomwa haraka.

Na kama mkono huu umekufanya ushindwe kushika kazi ya kudumu, jaza fomu 21-8940. Mlango wake wa kawaida ni ulemavu mmoja wa asilimia 60, au kadhaa zinazofika 70 mmojawapo ukiwa na 40. Matatizo yote ya mkono mmoja huhesabiwa hapo kama ulemavu mmoja. Ukikubaliwa unalipwa kama mtu wa asilimia 100.

Nilitoka jeshini mwaka 2014 na sikuwahi kudai. Kuna mtu anataka asilimia 30 ya malipo ili anijazie fomu. (Msomaji, Georgia)

Usimpe kitu. Kwa dai la kwanza, sheria hairuhusu mtu kukutoza ada ya kuliandaa na kuliwasilisha. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya wastaafu na wa kaunti hufanya kazi hiyo bure. Unamteua kwa fomu 21-22. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na asilimia 20 ya malipo ya nyuma ndiyo inayohesabiwa kuwa ya haki.

Leo hii tuma fomu 21-0966, ya kutangaza nia. Inakushikia tarehe ya leo kwa mwaka mzima huku ukikusanya karatasi. Kisha fomu ya dai ni 21-526EZ, pamoja na DD 214, yaani hati ya kutoka jeshini, na 21-4142 inayoiruhusu VA kuchukua kumbukumbu za hospitali binafsi. Unahitaji kuonyesha mambo matatu: kiwiko kilivyo leo, kilichotokea jeshini, na daktari anayeviunganisha. Daktari asiandike "inawezekana". Aandike kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini: alisoma kumbukumbu gani, mvunjiko ulikuwa wa aina gani, na jinsi mvunjiko huo unavyofikia kugandisha kiungo.

Daktari anataka kunipasua ili kiwiko kifunguke. Nitapoteza asilimia zangu? (Msomaji, Mombasa)

Amua matibabu kwa faida ya mkono wako kwanza. Upasuaji unaohitaji angalau mwezi mmoja wa kupona, au kiwiko kufungwa plasta, unakupa asilimia 100 za muda, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Ukiwekewa kiwiko cha bandia, ni 100 kwa miezi minne, na baada ya hapo hakishuki chini ya 30 kwa mkono unaotegemewa au 20 kwa mwingine. Fidia hulipwa kiasi kilekile ukiwa Mombasa, na matibabu ya ulemavu uliokubaliwa yanaweza kulipiwa na mpango wa VA wa matibabu ya nje ya Marekani. Jiandikishe kwenye mpango huo kabla ya kulazwa.

Kiwiko kikifunguka, ndiyo, asilimia zinaweza kushuka, lakini si kimyakimya. VA hukutumia kwanza barua ya pendekezo. Una siku 30 za kuomba kusikilizwa na siku 60 za kuleta ushahidi. Asilimia zilizokaa miaka mitano au zaidi hazipunguzwi kwa uchunguzi mmoja mwepesi, na zilizofika miaka 20 hazishushwi isipokuwa zilipatikana kwa udanganyifu. Barua ya pendekezo huchukua siku nyingi kuvuka bahari, kwa hiyo anwani yako ya Mombasa iwe sahihi kwenye faili, na mwakilishi wako aliye Marekani apate nakala.